Walichokitafuta Kimamba

Nilirudi nyumbani na shahada ya udaktari katika kemia, pamoja na masanduku mawili, moja la nguo na moja la karatasi. La karatasi ndilo lililokuwa zito. Kaka yangu, aliyekuwa karani wa stesheni pale Mikumi, alilishusha kutoka kwenye behewa, akalitua chini, akaniuliza kama nimewaletea mawe ya Ulaya. Nikamwambia ni tasnifu yangu, nakala zake na madaftari ya maabara. Akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Miaka minne yote imo humu?"

"Minne na nusu."

"Haya. Twende tukale, wifi yako ameshapakua."

Kwetu ni milimani, Ukaguru, ambako baba alilima mahindi na maharage, na mama alikuwa akiimba kwaya kanisani. Mimi nilisomea shule ya misheni, nikapelekwa mbele na serikali, kisha ng'ambo. Niliporudi, nchi ilikuwa katika pilikapilika za ujamaa. Watu walikuwa wakihamia vijiji vipya, mashamba makubwa yalikuwa yameshataifishwa, na kila mtu alimwita mwenzake ndugu, hata waliokuwa wamenuniana. Chuo kikuu kiliniambia nafasi yangu ya kufundisha itapatikana mwakani. Ofisi ya utumishi iliniambia nisubiri barua. Nikaenda kusubiri kwa kaka, kwa sababu milimani wangenishangilia kila siku, na mtu asiye na kazi hapendi kushangiliwa.

Wakati huo barabara kuu ya lami ilikuwa ikijengwa kupita Mikumi, na mkandarasi alikuwa na kambi nje kidogo ya mji, yenye kibanda cha kupimia udongo na lami. Kaka alisikia kwamba wanamtafuta mpimaji. Nikavaa gauni langu la kijivu, nikachukua tasnifu chini ya kwapa, nikaenda.

Mhandisi wa kambi alikuwa mgeni kutoka nje, mrefu, shingo nyekundu kwa jua. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa madereva wa malori, kwa hiyo kilikuwa kizuri kabisa ila hakikuwa na salamu.

"Unajua nini?" akaniuliza kabla sijakaa sawasawa.

Nikaanza na sura ya kwanza. Nilimweleza kuhusu asidi zilizomo kwenye majani ya mimea ya nchi kavu, namna ya kuzitenganisha, makosa ya watafiti walionitangulia, na sababu za mimi kuchagua njia niliyoichagua. Nilikuwa nimefika sura ya tatu nilipoona kwamba anatazama dirishani, ambako katapila lilikuwa likirudi kinyumenyume.

"Udongo umewahi kuupima?"

"Hapana, lakini kanuni zake—"

"Lami?"

"Hapana, ila ukichukulia kwamba—"

Akainua mkono, si kwa ubaya. "Mama, elimu yako ni kubwa kuliko kibanda changu. Wiki mbili utachoka, utaondoka. Mimi nataka mtu wa kukaa."

Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka nikakosea njia. Wifi alinipa kazi ya kutwanga mahindi, nikatwanga kwa hasira, akasema kama nitaendelea hivyo kinu kitapasuka. Nilijiona nimedharauliwa. Nilidhani mtu yule hakuelewa udaktari ni nini, na kwa muda wa mwezi mzima nilimsimulia kila aliyenisikiliza jinsi asivyoelewa.

Kisha kaka akaleta habari nyingine. Shamba moja la mkonge karibu na Kimamba lilikuwa limeletewa barua ya malalamiko na wanunuzi: singa zake, zile nyuzi za mkonge, zinatoka na madoa ya kijivu, na haziwezi kupangwa katika daraja la kwanza. Makao makuu ya shirika la mkonge yalikuwa yamemruhusu meneja kuajiri mtaalamu. Meneja mwenyewe ndiye aliyemwambia kaka, alipokuwa akisubiri treni, kwa sauti ya mtu aliyekwishachoka na wataalamu.

Nikapanda treni hadi Kilosa, nikabadilisha, nikashuka Kimamba saa nne asubuhi.

Meneja alikuwa mzee wa makamo, mtu wa Magole, kofia yake nyeupe imenyooka kichwani kama imepimwa kwa rula. Enzi za mwenye shamba wa zamani alikuwa karani wa mizani. Shamba lilipotaifishwa, yeye ndiye aliyebaki akijua kila kitu kiko wapi, basi wakampa ufunguo. Alikuwa amefika darasa la nane.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu ukae. Umekunywa chai?"

Nilikuwa nimekunywa, lakini nilikunywa tena. Nilimpa bahasha ya vyeti vyangu. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani bila kuifungua, akaniuliza:

"Mara ya mwisho ulikosea lini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza. Nilitafuta kosa dogo la kumpa nikaona atajua, basi nikamwambia kubwa. Katika mwaka wa pili niliandika majina ya sampuli zangu kwa wino unaofutika kwa maji. Jokofu likaharibika, barafu ikayeyuka, na kazi ya miezi sita ikabaki chupa mia mbili zisizo na majina.

"Ukafanyaje?"

"Nililia siku mbili. Kisha nikamwambia profesa, nikaanza upya."

"Ulimwambia wewe, au aligundua mwenyewe?"

"Nilimwambia mimi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akamalizia chai yake. "Miezi mitatu ya majaribio. Nyumba ipo. Ina popo, lakini hawana neno."

Bahasha yangu aliniruhusu niondoke nayo. Sidhani kama aliwahi kuona kilichokuwa ndani.

Siku ya pili asubuhi nilipofungua mlango nilikuta watu tisa barazani. Mmoja alikuwa na jino linalomuuma, mmoja mtoto mwenye homa, na mzee mmoja alitaka tu nimguse goti. Habari zilikuwa zimeenea kwamba daktari amekuja. Ilinichukua nusu saa kuwaeleza kwamba mimi ni daktari wa aina nyingine, na kuwasindikiza zahanati. Mzee wa goti alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole, "Sasa wewe unatibu nini?" Nikamjibu kwamba natibu mkonge. Akaridhika zaidi kuliko nilivyoridhika mimi.

Nilianza kazi kwa bidii niliyofundishwa. Nilikata majani ya mkonge kutoka pande zote za shamba, nikayakamua, nikayapima. Nilichukua udongo. Nilihoji wanyapara. Kiwanda cha kuchania majani tulikiita korona, kama vilivyoitwa vyote, na mlio wake ulisikika kutoka asubuhi hadi jioni. Majani yaliingia upande mmoja yakiwa mabichi, mazito, na singa zikatoka upande wa pili zimeoshwa kwa maji mengi, tayari kupelekwa kuanikwa. Mimi nilipita katikati ya yote hayo na kalamu yangu, nikiandika. Baada ya wiki tano nilikuwa na ripoti ya kurasa arobaini, kwa Kiingereza, yenye majedwali. Nikampelekea meneja.

Alinirudishia kesho yake. "Nimepitia kurasa zote," alisema. "Palipo na picha nimeelewa. Sasa naomba unisomee wewe, kwa Kiswahili, nikiwa nakunywa chai. Chai ikiisha na wewe uwe umemaliza."

Alijimiminia kikombe. Nikaanza. Nilisema kwamba asidi ya majani ya kusini mwa shamba imezidi kidogo ile ya kaskazini, na kwamba huenda, katika mazingira fulani, ikiwa jani limekaa muda mrefu baada ya kukatwa, kunaweza kuwa na uwezekano wa... Nikanyamaza. Kikombe kilikuwa bado nusu, na mimi sikuwa na la kusema. Kurasa arobaini zilikuwa zimenificha hata mimi mwenyewe.

"Kwa hiyo hujui bado," alisema.

"Sijui bado, mzee."

"Sawa. Hilo lingetosha karatasi moja." Hakusema kwa kejeli. Alionekana hata kufurahi kidogo, kama mtu aliyefungua mlango ulioshikana. "Wanawake wanaoanika umeongea nao?"

"Nimeongea na wanyapara wao."

"Sikukuuliza hilo."

Kesho yake nilikwenda kwenye nyaya za kuanikia. Lilikuwa eneo kubwa la wazi, nyaya zimetandazwa safu baada ya safu kwa urefu wa kiuno, na wanawake kama thelathini, kanga zimefungwa vizuri, wakitandaza singa mbichi juani. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Kisanga, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza kwamba nimekuja kuuliza maswali.

"Uliza," alisema, na papo hapo akanibebesha mikononi mzigo wa singa unaochuruzika.

Hawakunisubiri. Ilibidi niulize huku natandaza. Maji ya mkonge yanawasha kama upupu, na mimi nilikuwa nimevaa mikono mifupi. Kufika saa sita nilikuwa najikuna hadi shingoni, na nyaya zangu zilionekana kama kichwa cha mtu aliyeamka usingizini. Walinicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikacheka nami, sikuwa na njia nyingine. Mama wa Kisanga alinipaka mafuta ya nazi mikononi na kuniambia nirudi kesho nimevaa mikono mirefu.

Nilirudi kesho, na kesho kutwa. Siku ya tatu, tukiwa tumekaa kivulini tunakula mihogo, nilimwuliza tena kuhusu madoa. Nilimwambia ukweli kwamba nimepima majani na udongo na sikuona kitu.

"Mkonge hauna ubaya," alisema. "Ubaya ni maji. Mto ukipungua au pampu ikigoma, wanafungulia lile tangi la chuma nyuma ya korona. Siku hiyo singa zinakuja kwetu safi tu. Zikikauka, ndipo madoa yanajitokeza."

"Una hakika?"

"Mwanangu, maji ya tangi lile sisi hatufulii nguo nyeupe. Muulize yeyote hapa."

Nikageuka. Wote walikuwa wakitikisa kichwa kukubali, hata waliokuwa na mihogo mdomoni.

"Mbona hamkusema?"

"Aliyekuja kabla yako alipima udongo, akapiga picha, akapanda gari. Tungemwambia saa ngapi?"

Mchana ule ule nilijaza ndoo mbili, moja ya maji ya mto, moja ya maji ya tangi. Nilichukua majani ya mche mmoja, tukayachana kwa mkono, tukaosha nusu huku na nusu kule, tukaanika kwenye waya mmoja huku mama wa Kisanga akizuia mbuzi wasisogee. Siku mbili baadaye zilikuwa zimekauka. Za mto zilikuwa nyeupe zenye rangi ya maziwa kidogo. Za tangi zilikuwa na mabaka ya kijivu, kama mtu aliyeshika mkaa amezipapasa.

Nilikwenda ofisini mbio, singa mkono huu na mkono huu, nikasahau hata kubisha hodi. Meneja alizitazama. Alizipeleka dirishani, akazitazama tena.

"Nani kaona hili?"

"Mama wa Kisanga ndiye aliyeona. Mimi nimepima tu."

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike, na jino lake moja la pembeni lilikuwa la dhahabu. Kisha akawa mzito tena. "Lakini lipo jambo. Tangi lile ni la fundi mkuu."

Fundi mkuu wa korona alikuwa mtu mpana, mkimya, mikono imejaa makovu ya kazi. Tangi lile alilitoa yeye kwenye chuma chakavu cha karakana ya zamani, akaliziba matundu, akalisimamisha kwenye nguzo. Pampu ilipokufa mwaka wa ukame, tangi lake ndilo lililozuia korona isisimame hata siku moja, na kila mfanyakazi alilijua hilo. Kumwambia kwamba tangi ndilo linaloharibu singa kulikuwa sawa na kumwambia mtu kwamba mwanawe ni mwizi. Na jambo kama hilo, siku zile, halikuweza kuamuliwa na meneja peke yake ofisini. Lilipaswa kwenda mbele ya mkutano wa wafanyakazi.

"Utakuwa na watu wengi, wamechoka, wana njaa," meneja aliniambia. "Usiwaambie wao wajinga. Usiwaambie wewe mjuzi. Waonyeshe kitu, halafu ukae."

Nilifikiri siku tatu. Kwenye karatasi maelezo yalikuwa rahisi: jani la mkonge lina kitu kinachofanana na kile kilichomo kwenye majani ya chai, na kitu hicho kikikutana na kutu ya chuma hugeuka kuwa karibu wino. Lakini sikutaka karatasi tena. Nilichukua misumari yenye kutu, nikailoweka ndani ya maji ya ndimu siku moja kabla ya mkutano. Siku ya mkutano nilimwomba mpishi wa chai ya saa ya mapumziko birika la chai ya rangi.

Tulikusanyika chini ya bati la ghala la marobota. Meneja alifungua mkutano, mwenyekiti wa tawi la chama akasema yake, kwa kirefu, kisha nikaitwa. Niliogopa kuliko siku niliyotetea tasnifu mbele ya maprofesa watano. Nilimimina chai kwenye bilauri mbili za kioo, nikaziinua.

"Hii ni chai ya rangi. Wote mnaijua." Watu wakakubali. "Katika hii naweka maji ya ndimu matupu." Chai ikapauka kidogo. "Na katika hii naweka maji ya ndimu yaliyolala na misumari yenye kutu."

Nilimimina kijiko kimoja. Nikaongeza cha pili. Chai ikaingia giza, ikawa nyeusi ti, nyeusi ya wino. Ghala zima likasema "Aah!" na waliokuwa nyuma wakasimama juu ya marobota ili waone. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba nimeweka dawa. Wengine wakacheka.

Fundi mkuu akasimama. Nyuso zote zikamgeukia. Alikuja mbele polepole, akachukua bilauri nyeusi, akainusa. Kisha akaniambia, "Rudia. Ila utumie kutu yangu."

Alitoka akaenda kwenye tangi lake, akarudi na konzi ya magamba mekundu. Tukayatia kwenye maji ya ndimu, na kwa kuwa kutu huchukua muda kuyeyuka, mkutano ukasubiri. Sijawahi kuona mkutano ukisubiri kwa furaha namna ile. Watu walimaliza birika lote la chai isipokuwa bilauri moja tuliyoilinda. Mwenyekiti wa tawi alipata nafasi ya kuongezea mambo aliyokuwa ameyasahau. Hatimaye fundi mwenyewe akamimina. Rangi iligeuka taratibu, si nyeusi kama ya kwanza, lakini iligeuka, na kila mtu akaiona.

Fundi aliinua bilauri, akaitazama kwenye mwanga. "Basi si tangi," alisema mwishowe. "Ni tumbo la tangi. Tukilipaka kitu ndani, maji yasiguse chuma?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa nimefika mahali pa kuonyesha ubaya, sikufika mahali pa kuuondoa. "Kupaka nini?" nikauliza.

"Lami. Nilipokuwa reli tulipaka matangi kwa lami. Ikikauka haitoki."

"Lami utaipata wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Mimi nilijua. Nilitamani nisijue.

Wiki iliyofuata tulipanda lori la shamba, dereva, fundi mkuu na mimi, tukapita Kilosa na kushika barabara ya vumbi kwenda Mikumi. Njia nzima nilipanga maneno. Mhandisi alikuwa pale pale, mezani kwake, shingo nyekundu zaidi.

"Wewe," alisema. Alinikumbuka. "Nafasi imeshajaa."

"Sikuja kutafuta kazi. Nina tangi la chuma linalochafua singa za mkonge kwa sababu ya kutu. Nikilipaka lami ndani, maji hayatagusa chuma. Nahitaji mapipa mawili, na ushauri wako kuhusu lami ipi haitaacha harufu."

Aliweka kalamu chini. Alimtazama fundi, akanitazama mimi. "Kutu umeipimaje?"

Nikamweleza habari za chai. Alicheka kwa sauti kubwa hadi mtu akachungulia mlangoni. Kisha akainuka, akatupeleka bohari, na kwa zaidi ya saa nzima yeye na fundi mkuu waliinamia mapipa, wakikuna lami kwa kucha, wakinusa, wakibishana kuhusu ukavu na joto kama watu wa familia moja. Mapipa mawili tulipewa, mabaki ya kazi iliyokwisha, kwa barua ya meneja wetu na saini yake.

Alipotusindikiza kwenye lori aliniuliza, "Kwa nini siku ile hukuongea hivi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kujitetea, niliyokuwa nimeyatunga kwenye kinu cha wifi. Niliyaacha yote kando. "Siku ile uliniuliza najua nini," nilimwambia. "Nikakueleza nilichosoma."

Kwenye njia ya kurudi tulisimamishwa na tembo saba waliokuwa wakivuka barabara bila haraka yoyote. Dereva alizima injini. Fundi mkuu, ambaye alikuwa hajaniambia maneno kumi tangu mkutano, alianza kunisimulia jinsi alivyolipata lile tangi, tangu siku aliyoliona kwenye nyasi nyuma ya karakana hadi siku waliyolisimamisha, na watu wangapi walilivuta. Tembo wa mwisho alipopita, fundi alikuwa bado hajafika kwenye habari ya nguzo. Tukaendelea, naye akaendelea.

Tangi lilikwanguliwa, likapakwa mara mbili, likaachwa likauke. Fundi aliingia ndani yake mwenyewe na kutoka mweusi kichwa hadi miguu, wanawake wa kwenye nyaya wakampokea kwa vigelegele kana kwamba ni bwana harusi. Tuliosha tangi mara kadhaa, tukajaribu maji. Singa zikakauka nyeupe. Marobota yaliyofuata yalipokaguliwa, mkaguzi kutoka makao makuu alichomoa singa kutoka robota la katikati, akazivuta, akaziangalia juani, akaandika daraja la kwanza bila kusema neno. Meneja alichinja mbuzi wawili. Kipindi changu cha majaribio kilikuwa kimeshapita kwa siku kumi na moja bila mtu yeyote kukumbuka, hata mimi.

Barua ya chuo kikuu ilifika baadaye. Nafasi ya kufundisha ilikuwepo. Nilikaa nayo juma zima, nikaijibu kwa kushukuru, nikabaki Kimamba.

Miaka miwili baada ya hapo makao makuu yaliruhusu mtaalamu wa pili, wa kutafuta matumizi ya makapi ya mkonge yaliyokuwa yakioza nyuma ya korona. Meneja aliniita tutunge tangazo. Mimi nilianza kuandika kama nilivyozoea kuona: awe na shahada ya udaktari, awe na uzoefu, awe na umri fulani.

"Shahada iandike," alisema. "Mtu aliyefuata jambo moja miaka minne hakimbii likiwa gumu, hilo nimeliona kwako. Lakini ongeza. Awe anaweza kusema 'sijui' bila kuumwa. Awe anamaliza anachokianza hata kama hakikutoka alivyotaka. Awe anasalimia."

"Mzee, hilo la kusalimia haliwezi kuwekwa kwenye tangazo."

"Kwa nini? Wewe yule wa kwanza hukumwona. Alipita mbele ya mama wa Kisanga kila siku kama anapita mti."

Nikaandika. Nikaongeza langu, kwamba awe anaweza kueleza kazi yake kwa mtu asiyeisomea, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Meneja akataka iandikwe kikombe cha ukubwa gani. Tulibishana, tukacheka, tukalipeleka.

Makao makuu yalilirudisha. Waliandika kwa wino mwekundu kwamba sifa hizo hazipimiki, tutumie fomu ya kawaida. Tukatumia fomu ya kawaida. Lile la kwetu meneja alilibandika kwa gundi ndani ya mlango wa kabati lake, mahali ambapo yeye na mimi tu tuliliona.

Waliomba watu watatu. Wa pili wao alishuka treni mchana wa mvua, akatufikia suti yake imelowa hadi magotini, kwa sababu alikuwa amesimama njiani kuwasaidia wakataji kukwamua trekta lililozama. Alimwamkia mlinzi, akamwamkia mpishi, akatuomba radhi kwa matope, na kabla hatujauliza lolote akauliza kama kuna chakula, kwani hakula tangu jana. Tukamlisha ugali na maharage. Alipokuwa anakula alituuliza mambo mengi kuhusu makapi, nasi tukajibu tuliyoyajua, mpaka meneja akaniegemea na kunong'ona, "Huyu ndiye anayetusaili sisi."

Alikaa nasi miaka mingi. Alipika maharage mabaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na aligombana na fundi mkuu kila Jumatatu. Mitambo miwili waliyoijenga pamoja kwa ajili ya kupata gesi ya kupikia kutoka kwenye makapi ilifanya kazi, mmoja vizuri na mwingine kwa kubembelezwa. Vyeti vyake bila shaka vilikuwemo kwenye bahasha aliyokuja nayo. Lakini mpaka leo sijui tasnifu yake ilihusu nini.